Jeraha ni la nyumba moja, jengo ni la wazazi wote

Mtoto ameanguka shuleni. Kabla mzazi wake hajapigiwa simu, picha ya goti lililochubuka iko tayari kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, na chini yake watu thelathini wameshaandika "pole sana". Mama mwenyewe yuko sokoni, bando limeisha, ataiona jioni. Wakati huohuo, juu ya dirisha la darasa hilohilo kuna ufa ambao fundi alimwonyesha mwalimu mkuu muhula uliopita. Huo hakuna mzazi hata mmoja aliyeambiwa.

Mambo yamekaa kinyume hapo. Jeraha ni habari ya nyumba moja: inamhusu mtoto, wazazi wake na tabibu. Jengo ni habari ya kila mwenye mtoto ndani yake. Shule nyingi husambaza ile ya kwanza na kufungia ya pili kabatini, kwa sababu ya kwanza haigharimu kitu, na ya pili inaweza kuleta maswali, mkaguzi, au wazazi wanaohamisha watoto.

Kenya imelipia somo hili. Mnamo tarehe 26 Machi 2001 bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa la ghorofa la Precious Talent, Dagoretti, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa wamekwishaingia, wakafa 8. Miezi michache baadaye, tarehe 3 Februari 2020, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi wakitoka kwenda nyumbani jioni, wakafa 14. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, liliwaka na wavulana 21 hawakutoka. Mlango, ngazi, sakafu na dirisha ni vitu vinavyoonekana kwa macho kabla ya siku ya msiba.

Simu ya kwanza

Mzazi akisikia neno "ameumia", masikio huziba. Yote yatakayofuata ndani ya nusu dakika hayaingii. Kwa hiyo mpangilio wa maneno una kazi yake: anza na nani anapiga, kisha hali ya mtoto sasa hivi, kisha yuko wapi, ndipo useme kilichotokea. Kwa mfano: "Mama Amina, ni mwalimu wake wa darasa. Amina yuko macho, anaongea, niko naye hapa. Tuko zahanati ya mtaani pamoja na matroni. Aliteleza ngazini saa 4 na robo, mkono wa kushoto umevimba juu ya kifundo. Amefungwa banzi la kuzuia mkono usicheze, hajapewa dawa yoyote. Tabibu anataka apigwe picha ya eksirei hospitali ya kaunti ndogo. Utatukuta huko au tukusubiri hapa kwanza?"

Simu ya namna hiyo haichukui hata dakika moja. Mbaya kuliko zote ni ile ya "mzazi, njoo shuleni haraka" kisha inakatwa. Aliyepiga anadhani amemlinda mzazi na habari mbaya, kumbe amempandisha bodaboda akiwa amechanganyikiwa, na dereva anahimizwa akimbie. Ndugu ya simu hiyo ni ile ya "kuna shida kidogo". Hakuna ajuaye ukubwa wa kidogo.

Si kila mchubuko unahitaji simu. Goti lililooshwa na kufungwa linatosha kuandikwa kwenye shajara ya mtoto. Lakini kuna majeraha ambayo simu yake hupigwa saa ileile hata kama mtoto amerudi kucheza: kugonga kichwa, kuumia jicho, mkono au mguu uliopinda au usiotumika, kuungua, kuumwa na mbwa au nyoka, na kidonda kirefu cha msumari au bati. Mbwa ni mfano wa kwa nini saa zina maana. Kidonda huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo ya kichaa cha mbwa inaanza siku hiyohiyo. Shule ikingoja hadi mtoto afike nyumbani Ijumaa jioni, zahanati zimefungwa, na Jumamosi mzazi anaambiwa chanjo haipo hadi Jumatatu. Kwa msumari na bati, tabibu atauliza kilichomkata ni nini na alichanjwa pepopunda lini. Jibu la kwanza analo mwalimu, la pili analo mzazi, na ni simu tu inayowakutanisha.

Kichwa

Hapa inafaa kutulia. Mtoto anaweza kugonga kichwa, akalia kidogo, akanyamaza, akasoma vipindi viwili, akapanda basi, kisha usiku akazimika. Damu ikivuja taratibu ndani ya fuvu, katikati huwa kuna muda ambao anaonekana mzima kabisa. Muda huo ndio shule inamkabidhi mzazi. Asiyeambiwa kitu atayaona macho mazito ya mtoto wake saa 2 usiku na kudhani ni uchovu wa shule.

Ndiyo maana mtoto aliyegonga kichwa harudi nyumbani bila karatasi, hata kama mzazi alishapigiwa simu. Karatasi yenyewe ni fupi: "Saa 4:20 asubuhi, mapumziko. Amegonga kisogo kwenye nguzo ya goli. Hakuzimia. Hakutapika. Amewekewa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10. Hakupewa dawa. Saa 9:00 anaongea vizuri na anatembea sawa." Chini yake jina na namba ya mwalimu wa zamu. Kila sentensi inajibu swali ambalo daktari angeuliza. "Hakupewa dawa" inaonekana ndogo, lakini bila hiyo mzazi anaweza kurudia dozi aliyokwisha kupewa, au daktari akashindwa kujua kama utulivu wa mtoto ni wake au ni wa kidonge.

Nyuma ya karatasi huandikwa yanayomfanya mzazi aamke usiku huo aende hospitali: kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, usingizi ambao hata ukimtikisa haamki sawasawa, degedege, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji maangavu au damu kutoka puani au sikioni, maneno yasiyoeleweka, mkono au mguu uliolegea. Uangalizi ni wa saa 24 hadi 48 tangu alipogonga, kwa hiyo saa ya kugonga lazima iwepo. Bila saa, mzazi hajui ahesabu kuanzia wapi. Na kwa vile bibi zetu wengi wanashikilia kwamba aliyegonga kichwa asilale hata kidogo: kulala kwenyewe si hatari, hatari ni kushindwa kumwamsha.

Namba ambayo haipatikani

Yote hayo yanahitaji namba inayoshika. Fomu ya kujiunga ilijazwa mtoto akiwa PP1, mwaka wa kwanza wa shule ya awali. Sasa yuko gredi ya 5, mama amebadilisha laini mara mbili na baba amehamia Mombasa. Shule inayojua kazi yake husasisha namba kila mwanzo wa muhula, na haiishii kuandika: inazipigia. Karani mmoja na mchana mmoja wanatosha kwa shule ya wastani. Namba zinatakiwa tatu, na ya tatu iwe ya mtu anayeweza kufika shuleni kwa miguu au kwa nauli ya matatu moja.

Kuna familia ambazo mama yuko Riyadh, Doha au Muscat kikazi na mtoto analelewa na bibi. Fomu imejazwa namba ya mama, kwa kuwa ndiye anayelipa karo. Laini yake ya Kenya imezimwa, WhatsApp inashika akiwa amemaliza kazi za nyumba ya watu, na bibi ana kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti. Mtoto wa namna hii akivunjika mkono, anayepigiwa kwanza ni bibi, kwa sauti, kwa lugha anayoielewa. Mama anapata ujumbe wa maandishi sambamba, si baadaye, maana akisikia kwa jirani kabla ya shule hataiamini shule tena. Na isemwe wazi: waraka wa Kiingereza kwa mzazi anayesoma Kiswahili au Kikamba ni karatasi ya kufungia mandazi.

Swali la idhini huwasumbua walimu: mzazi hapatikani, mtoto anahitaji upasuaji, nani atatia sahihi? Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaruhusu tabibu kutibu bila idhini pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Kwa hiyo anayekwama kwenye foleni akitafuta mzazi huku mtoto anavuja damu amekwama bure. Shule iendelee kupiga simu na kuandika saa ya kila jaribio: 10:05 haikushika, 10:12 haikushika, 10:20 bibi alipokea. Orodha hiyo fupi huzima ugomvi mwingi wa baadaye.

Kinachokwenda kwenye grupu na kisichokwenda

Hali ya afya ya mtu ni data nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya mtoto haiguswi bila idhini ya mzazi au mlezi. Hili lina meno: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Picha ya jeraha ni nzito kuliko picha ya sherehe.

Lakini kunyamaza kabisa nako hakufai, kwani watoto arobaini waliona damu na kila mmoja atapeleka nyumbani toleo lake. Wazazi wa darasa huambiwa kilichotokea bila kuambiwa ni nani: "Leo mapumziko mwanafunzi mmoja ameumia kwenye bembea. Amepata matibabu na wazazi wake wako naye. Bembea imefungwa kwa mnyororo hadi ikaguliwe. Mtoto wako akiuliza, mwambie mwenzake anahudumiwa." Tazama sentensi ya tatu. Hapo habari ya nyumba moja imegeuka kuwa habari ya wote, kwa kuwa bembea ni ya watoto wote.

Kifo hakitangazwi kwa simu wala kwa ujumbe. Watu wawili au watatu wanaoheshimika huenda nyumbani, mmoja wao awe ni mwenye kujua ukweli wa kilichotokea, na jina halitamkwi popote mpaka waliotumwa wamerudi na kusema familia imejua.

Ufa una maneno yake

Sasa jengo. Waraka wa kawaida wa shule husema: "Tunafanya ukarabati mdogo ili kuboresha mazingira ya masomo." Hakuna mzazi aliyewahi kujua chochote kutokana na sentensi hiyo. Linganisha na hii: "Ukuta wa mashariki wa darasa la gredi ya 5 una ufa kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni. Tarehe 6 Mei ulikuwa na upana wa milimita 3, tarehe 20 Mei milimita 5. Darasa limefungwa. Watoto 42 wanasomea ukumbini. Mhandisi wa kaunti anakuja tarehe 24. Tutawaandikia tena tarehe 27." Inaogopesha zaidi? Kidogo. Lakini anayeisoma anajua mtoto wake hayuko chini ya ukuta ule, na anajua atasikia tena lini.

Kupima ufa hakuhitaji mtaalamu. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe kando, pima upana mahali palepale kwa rula kila wiki mbili. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni plasta tu imekauka. Ule unaopanda kwa ngazi-ngazi kufuata viungo vya matofali, au unaotoka kona ya mlango kwa mshazari, au unaomeza ukingo wa sarafu, ni wa kumwita mhandisi. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama ni dalili nyingine. Maeneo mengi ya Nairobi na nyanda za Athi yana udongo mweusi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, na msingi wa kina kifupi hupanda na kushuka nao. Kwa hiyo ufa unaojifunga mvua ikinyesha haujapona.

Kuna sentensi moja ya kuitilia shaka kila inapoonekana: "fundi amesema hakuna tatizo". Fundi anajua kuziba ufa, na atauziba vizuri usionekane. Kusema kama jengo linabeba mzigo wake ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa, na taarifa kwa wazazi itaje ni nani alikagua, siku gani, na aliandika nini.

Vipimo vyenyewe si siri. Mwongozo wa viwango vya usalama wa shule wa Wizara ya Elimu, wa mwaka 2008, unataka mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5 na ufunguke kwa nje, milango iwe kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje, nafasi kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2, na njia ya kupita iwe mita 2. Jengo la ghorofa liwe na ngazi kila mwisho, zisizo za mwinuko mkali, zenye vishikio imara. Mzazi aliyeenda siku ya kutembelea watoto anaweza kuyaona haya bila kuomba ruhusa ya mtu. Mita 1.2 ni hatua mbili fupi. Kama unapita kati ya vitanda kwa ubavu, umekwisha kupima. Milango hufunguka kwa nje kwa sababu rahisi: watoto mia wakiusukuma kwa pamoja mlango unaofunguka ndani, wanaufunga wao wenyewe.

Shule ikikataa kujibu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa raia haki ya kuomba nakala ya ripoti ya ukaguzi kwa barua. Taasisi ya umma ina siku 21 za kujibu, ila habari ikihusu uhai wa mtu muda ni saa 48. Wazazi wachache wanaijua hiyo ya saa 48. Barua itaje jengo, tarehe na hati inayotakiwa; barua ya "tunataka kujua hali ya usalama" hupata jibu la "usalama uko sawa".

Usiku wa moto

Usiku wa Endarasha, bweni lilikuwa na wavulana 156, na mpaka siku iliyofuata serikali ilikuwa ikisema watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa hai. Wazazi na majirani walikuwa wamewachukua gizani na kwenda nao, na hakuna aliyeandika. Familia ambazo watoto wao kweli hawakutoka zilisubiri zikitumaini miongoni mwa wale 70.

Daftari la kuita majina la bweni lina nakala mbili, na moja haikai ndani ya bweni wala ofisi iliyopakana nalo. Huwekwa kwa mlinzi langoni, kwani lango ndilo litakalofikiwa kwanza na kila mtu. Watoto huhesabiwa uwanjani kwa majina, si kwa vichwa. Lango moja tu hutumika kukabidhi, na anayechukua mtoto huandika jina lake, namba ya kitambulisho, saa na sahihi. Jirani mwema aliyemchukua mtoto kumpa chai naye anaandikwa.

Simu ya ofisi haitabeba wazazi mia tatu. Ujumbe mfupi unaopelekwa kwa wote kwa mpigo una herufi 160, na ukitia emoji moja tu, nafasi hushuka hadi 70 na ujumbe hukatwa vipande vinavyoweza kufika shaghalabaghala. Huu una herufi 158: "Moto umetokea Bweni B leo saa 8 usiku. Watoto wapo uwanjani, tunahesabu. Usipige simu ya ofisi. Njoo lango kuu na kitambulisho. Taarifa ijayo saa 10 alfajiri." Saa 10 ikifika, ujumbe uende hata kama hakuna jipya, na useme hivyo: tunaendelea kuhesabu. Msemaji awe mmoja. Mwalimu mkuu akisema lake, mwanabodi lake na chifu lake, wazazi watachukua lile la kutisha zaidi.

Safu ya nne

Kinachounganisha jeraha na jengo ni daftari la ajali, lile lenye jalada gumu kwenye ofisi ya mwalimu wa zamu. Mara nyingi lina safu tatu: tarehe, jina, jeraha. Inayokosekana ni ya nne: kitu gani na mahali gani. Angalia tofauti ya "mtoto ameumia mguu" na "ncha ya bati lililong'oka nyuma ya choo cha wavulana ilimkata mguu". Sentensi ya kwanza inamtibu mtoto na kuliacha bati. Ipo pia ya tatu inayopendwa sana, "alikuwa akicheza vibaya", ambayo humtupia mtoto lawama na kulisamehe bati. Shule huogopa kwamba kulitaja bati ni kukiri kosa mbele ya wakili, lakini daftari lililoandika bati Jumatatu na kupigiliwa kwake Jumanne ndilo litakaloitetea.

Mwisho wa mwezi kamati ya usalama ya shule hukaa na daftari hilo, ifunike majina kwa karatasi na isome safu ya nne peke yake. Kipandio cha pili cha ngazi za kwenda maktaba: mara moja tarehe 3, mara moja tarehe 11, mara mbili tarehe 19. Watoto wanne, madarasa manne, walimu wa zamu tofauti, na kila mzazi ameambiwa mwanawe aliteleza. Waraka wa kesho yake hauna jina la mtoto yeyote. Unasema kipandio kimevunjika ukingo, ngazi zimefungwa kwa kamba, fundi anamwaga zege Alhamisi, na maktaba itafikiwa kupitia mlango wa nyuma hadi Jumatatu.